Malkia wa Pili

Mpaka leo nikipita Hockley, mtaa wa masonara huku Uingereza, damu inanichemka. Ugomvi wenyewe ulianza kwa swali la watu wasio na la kufanya: ni nani mchezaji bora kuliko wote tangu sataranji ianze kuchezwa?

Swali hilo liliulizwa kila Jumamosi kwenye karakana ya fundi mmoja Mkongomani, mzaliwa wa Bukavu, ambaye kazi yake ni kung'arisha pete na mikufu ya wenye maduka ya vito. Ikifika saa saba mchana alizima mashine, akapangusa meza, akatandaza ubao wa sataranji, na watu wanne watano wakaanza kuingia na mifuko yao ya mandazi na soda. Wote wanaume. Mimi nilikuwa nikienda kwa sababu ya binti yangu wa miaka kumi na saba, aliyejifunza mchezo huo shuleni akiwa mdogo na ambaye pale Erdington tunapoishi hakuwa amebakiwa na mtu wa kumtoa jasho. Yeye walimheshimu, kwa kuwa aliwafunga. Mimi waliniita mama, wakanipa kiti karibu na hita, na katika miezi minane hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama najua kucheza.

Sikuwaambia. Nilikaa na koti langu nikawasikiliza wakibishana, na kila wiki nilirudi nyumbani nimenuna zaidi.

Fundi alishikilia kwamba ukubwa ni kukaa kwenye kiti. "Bingwa ni ule anakaa na taji miaka mingi. Bon, mambo imeisha," alisema, akigonga meza kwa kidole kilichojaa weusi wa dawa ya kung'arishia. Mbishi wake alikuwa dereva wa basi, Msomali aliyekulia Eastleigh, mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza chumba. Huyo imani yake yote aliiweka kwenye simu. Ndani ya simu mlikuwa na programu inayopima kila hatua na kusema hii sawa, hii kosa, na kwa kipimo hicho aliwashusha mabingwa wa kale mmoja mmoja kama abiria wasio na tiketi.

"Walahi hao wazee wa zamani walikuwa wanacheza makosa matupu," alisema. "Mashine haina undugu na mtu. Leta game yoyote nikuonyeshe."

Hicho ndicho kilichoniuma. Watu waliokufa zamani, waliocheza kwa kichwa chao na mwanga wa taa ya mafuta, leo wanahukumiwa na kidude cha mfukoni! Na anayewahukumu mwenyewe hawezi kucheza hatua kumi bila kukichungulia. Nilitamani kusema hayo. Nikasaga meno.

Kisha Jumamosi moja akaja kijana wa kuleta vifurushi, kofia inachuruzika maji ya mvua, anataka tu sahihi ya fundi. Nao wakamuuliza yeye! "Kaka, wewe unasemaje, nani mkali wa chess kuliko wote?" Kijana hajui hata farasi anavyoruka. Akataja jina alilowahi kulisikia kwenye televisheni, akaenda zake, na wale watu wakakaa robo saa nzima wakilijadili jibu lake kwa makini. Mtu aliyeingia kuomba sahihi ana maoni yanayofaa kujadiliwa, na mimi niliyekaa pale miezi minane sina.

Hapo nikafungua mdomo. "Mkubwa kuliko wote ni baba yangu," nikasema.

Walicheka. Kilikuwa kile kicheko cha watu wazima mtoto anaposema baba yake anaweza kubeba gari, na ndiyo maana kilinikata maini. Dereva akasema, "Sister, hizo sasa ni stori za jaba, za watu wametafuna miraa." Binti yangu akainamisha uso kwenye ubao. Fundi, ambaye ana adabu, akaniuliza huyo mzee alishinda mashindano gani.

Nikawaeleza, na najua sauti yangu ilikuwa juu. Baba yangu alikuwa karani wa bohari la reli Nakuru. Mhasibu mmoja Mgoa alipohama nchi aliacha kwenye ukumbi wa wafanyakazi sanduku la sataranji na kijitabu cha kanuni, na hakumfundisha mtu. Makarani sita wakakaa na kile kijitabu jioni baada ya jioni wakajifundisha wenyewe. Hakuna mwalimu, hakuna klabu, hakuna kitabu cha pili. Kwa miaka zaidi ya thelathini baba alicheza ukumbini pale na watu waliokuja na treni kutoka Kisumu, Nairobi, hata Kampala, na waliomfunga unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. "Sasa nyinyi," nikasema, "mchukueni huyo bingwa wenu mwenye makocha wanne na mashine chumba kizima, mpeni kijitabu kimoja kilicholiwa na mchwa, halafu tuone atafika wapi. Ukubwa wa mtu unapimwa kwa alichopewa na alichokifanya nacho."

Kisha dereva akasema kwa upole wa mtu anayekunja mikono ya shati, "Mzee yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ana simu?"

"Anayo."

"Basi Jumamosi ijayo, mimi na yeye."

Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Sasa lazima niseme jambo ambalo wao hawakulijua. Kile kijitabu kilikosa karatasi moja. Unajua wale wadogo wa mstari wa mbele, ambao sisi nyumbani tuliwaita askari: akivuka ubao wote na kufika mwisho, askari hubadilishwa kuwa mkubwa. Kijitabu kilianza kulieleza hilo chini kabisa ya ukurasa, na ukurasa uliofuata haukuwepo. Makarani wakalijadili suala hilo kwa wiki kadhaa. Abadilishwe na nani? Atoke wapi huyo mkubwa? Wakakubaliana kwa akili zao nzuri kwamba lazima atoke miongoni mwa waliokwisha kuliwa, maana sandukuni hamkuwa na wengine. Wakaita kufufua. Kama malkia wako amekufa, askari wako anamfufua. Kama malkia wako yu hai, huna wa kumfufua, chukua farasi wako aliyekufa ushukuru.

Kanuni hiyo ni makosa. Duniani kote askari akifika mwisho anakuwa malkia, hata kama malkia wa kwanza bado yuko anatembea. Watu huweka ngome kichwa chini wakaiita malkia, wakaendelea.

Lakini juu ya kosa hilo baba alikuwa amejenga ustadi wa ajabu. Aligundua kwamba kumla mkubwa wa adui ni kumpa nafasi ya kufufuka baadaye. Kwa hiyo hakuwala. Aliwafungia. Malkia wako angejikuta amesukumwa pembeni, kazungukwa na askari wake mwenyewe, hana pa kwenda, yuko hai na hana kazi, na wale askari uliowahangaikia mpaka mwisho wa ubao wangefika kule wakakosa wa kumfufua. Watu walitoka ukumbini wakiwa na jeshi karibu lote na wamefungwa. Sijaona mtu mwingine anayecheza vile, na sitaona, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwepo Nakuru peke yake.

Mimi nililelewa kwenye mchezo huo. Tangu mama yangu afariki tulikuwa tukicheza kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na ubao wake, mimi na wangu nilioununua kwenye duka la mitumba Kings Heath. Binti yangu alipokuwa na miaka kumi, ameanza kujifunza sataranji shuleni, aliniona Jumapili moja nikicheza, akaniambia, "Mum, that's not the rule." Nikabisha. Akaniletea kitabu. Nikasoma ule ukurasa uliokosekana Nakuru, nikakifunga.

Sikumwambia baba. Nilijiambia kwamba mtu wa zaidi ya miaka sabini aachwe na mchezo wake. Niliendelea kucheza naye kwa kanuni ya nyumbani miaka saba, nikacheza kwa nguvu zangu zote, na karibu kila Jumapili alinifunga. Nataka hilo lieleweke. Sikumwachia. Nilikuwa nikilala nikiwaza namna ya kumtoa malkia wangu kwenye ule mtego wake wa pembeni na sikuipata.

Wiki ile nilipaswa kumpigia nimweleze. Nilimpigia kweli, mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akiniuliza huyo Msomali anacheza namna gani, anapenda kushambulia au kungoja. Mara ya pili alikuwa ametuma mjukuu mwingine akamnunulie miwani mpya. Ningesemaje? Na ukweli wa ndani zaidi, ambao unanichoma kuliko vicheko vyao vyote, ni kwamba nilitaka kushinda. Nilijiambia huenda jambo la askari lisitokee kabisa. Mara nyingi halitokei.

Jumamosi ikafika. Tukaisimamisha simu yangu kwenye kopo la rangi, baba akatokea kwenye kioo, shati jeupe limepigwa pasi, ubao wake mbele yake kwenye meza ya sebuleni. Kazi yangu ilikuwa kusogeza kete zake upande wetu. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Dereva alimwamkia, "Shikamoo mzee," akaweka simu yake kifudifudi mezani ili wote waone hachungulii. Kwa hilo namheshimu.

Saa nzima ile nilikuwa na raha ambayo sijapata kuwa nayo. Baba alicheza polepole, akitaja kila hatua kwa sauti ya karani anayesoma orodha ya bohari. Dereva alianza kwa mbwembwe, baadaye akaacha kuongea, baadaye akavua jaketi. Malkia wake akasogea pembeni hatua moja, kisha nyingine, kisha hana pa kwenda. Fundi alinong'ona, "Eh, mama, ule mzee iko nguvu sana." Nilitamani kijana wa vifurushi aingie aone.

Kisha zamu ikaja ambapo malkia wa dereva alikuwa wa kuliwa bure. Hakuna aliyemlinda. Watu wakaona, wakaanza kujikohoza. Upande mwingine wa ubao, askari mmoja wa dereva alikuwa amebakiza hatua mbili kufika mwisho. Kwa kanuni ya dunia jambo ni moja tu: mle malkia, mzuie askari, mchezo umekwisha na baba ameshinda.

Baba alitazama muda mrefu. Nilijua anachofikiri kana kwamba ananisomea. Dereva amepoteza farasi mmoja na ngome moja tu. Malkia akiwa hai, askari atafufua mmoja wa hao, na hao hawanisumbui. Malkia akifa, askari atamfufua malkia. Basi asife.

"Huyo malkia mwache hapo hapo," baba akasema. "Sogeza mfalme."

Karakana nzima ikaguna. Binti yangu akanipiga teke chini ya meza. "Mum. Tell him."

"Nyamaza," nikamwambia.

Nilikuwa na muda. Nataka niandike bila kujihurumia: dereva alifikiri karibu dakika tano, hakuamini bahati yake, alikuwa anatafuta mtego. Dakika tano nilishika ukingo wa meza ile nikijua, na sikusema, kwa sababu kusema kungekuwa kuwaambia wale wanaume kwamba bingwa wangu hajui kanuni.

Askari akasogea. Baba akacheza. Askari akafika mwisho. Dereva akachukua ngome iliyokwisha kuliwa, akaigeuza kichwa chini, akaiweka. "Kwini," akasema.

Nikarudia kwa simu. Kisha baba akasogeza uso karibu na kioo. "Malkia gani? Wa kwanza si bado amesimama?"

"Ni wa pili, mzee," dereva akasema.

"Wa pili ametoka wapi?"

Hapo wakacheka. Si wote, na si kwa ubaya, lakini walicheka, na kicheko kikaenda mpaka Nakuru kwenye sebule ambayo mama yangu alikuwa akiipiga deki. Nilisimama. Niliwaambia maneno ambayo mwanamke wa kanisa hatakiwi kuyasema. Nikawaambia hakuna kati yao anayeweza kumfungia malkia vile, kwamba wamefungwa na mzee aliyejifunza kwa kijitabu kibovu na wanafurahia karatasi moja iliyochanika. Dereva aliinua mikono. "Sister, pole. Walahi mimi sikujua. Mzee amecheza vizuri kuliko mimi." Alikuwa anasema kweli, na nilimchukia zaidi kwa hilo.

Fundi akainama mbele ya simu akaeleza kanuni kwa adabu zote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni sheria ya huko Uingereza?" akauliza.

"Hapana, papa. Ni ya dunia yote."

"Tangu lini?"

"Ni ya zamani sana, papa. Mbele sisi wote tuzaliwe."

Baba akavua miwani yake mpya. Hakuonyesha aibu, hilo nalijua kwa sababu nilimtazama nikilitafuta. Aliutazama ubao wake kama mtu anayetazama shamba lake mwenyewe. Kisha akaniita.

"Mama," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Baba, mtandao unakatika," nikasema.

Mtandao haukuwa unakatika. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, mpaka vishimo vya ndui ya utotoni. Ni uongo tunaoutumia sisi wa huku kila simu inapokuwa nzito, na wao wa nyumbani wanaujua.

"She knew, Babu," binti yangu akasema. "Since I was ten."

Baba alikuwa karani wa reli. Kiingereza hakimsumbui. Alihesabu. Nilimwona akihesabu, na nilijua hahesabu miaka, anahesabu Jumapili.

"Kumbe," akasema.

Nilitaka kumwambia pale pale kwamba sikuwahi kumwachia, lakini ningesemaje mbele ya watu wale? Akawashukuru kwa mchezo, akamtakia dereva safari njema za kazi, akakata.

Njiani kurudi sikuongea na binti yangu. Kwenye treni nikamwambia amenivunjia heshima. Akaniambia, "You did that, Mum, not me." Nilimkasirikia mpaka Erdington, nikamkasirikia yule Mgoa, na mchwa, na fundi kwa upole wake. Mtu wa mwisho niliyemfikia katika orodha ile nilikuwa mimi, na huyo bado sijamalizana naye.

Jumapili iliyofuata nikatandaza ubao nikapiga simu saa ile ile. Baba alipokea vizuri, akauliza habari za kazi, akauliza baridi. Nikasema, "Tuanze?"

"Mjukuu wangu yuko?" akauliza. "Nipe nicheze naye. Nataka anifundishe hiyo sheria yao."

Tangu siku hiyo wanacheza wao. Yeye anasema Kiswahili, binti yangu anajibu Kiingereza, na hakuna anayelalamika. Anamfunga babu yake bila huruma, na mzee anacheka sana akiona malkia wa pili akitua ubaoni. Wiki ya tatu mzee alikaribia kumshinda. Wiki ya tano alimshinda, na nilisikia kelele nikiwa jikoni. Akiwa na miaka themanini na moja ameanza mchezo upya, na watu wa Hockley, nikiwasimulia, hawabishani tena nami.

Mwezi uliopita nilivumilia nikashindwa. Nilichukua simu kabla ya mtoto, nikafunga mlango. "Baba, nisikilize," nikasema. "Miaka yote ile sikukuachia hata mchezo mmoja. Nilijua kanuni, ndiyo, lakini tulicheza ya kwako na ulinifunga. Ulinifunga kweli. Nilikuwa nikijaribu kwa nguvu zangu zote."

Mtandao ulikuwa safi. Nilimsikia akihema.

"Najua, mama," akasema kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto. "Najua. Wewe umekuwa mtoto mwema tangu zamani. Haya, mpe simu mwenzako."